Kifafa Kilichozaliwa Kwenye Kompyuta

Tangu Jumanne mtafiti alikuwa kama mtu aliyekalia miiba. Ndani ya kompyuta alikuwa ametengeneza mtandao wa seli elfu kumi za ubongo, aone kifafa kinavyoanza. Wiki nzima kila seli ilifyatuka, yaani ilitoa mshtuko wake wa umeme, kwa wakati wake, moja huku, nyingine kule. Jumanne asubuhi zote zikafyatuka kwa pamoja, zikanyamaza, zikarudia, tena na tena, kama zifanyavyo mtu akishikwa na kifafa. Alimpigia simu mdogo wake papo hapo.

Mdogo wake alikuwa mshonaji, na kifafa alikuwa nacho tangu utotoni. Alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa watajua namna ya kukizuia. Mtafiti akasema huenda. Kufikia jioni mama yao alishawaambia majirani kwamba dawa inakuja.

Daktari, mkuu wa mradi, alialika wageni waje Ijumaa waone. Alhamisi asubuhi akapita Nusu, fundi aliyetunza kompyuta za jengo zima. Waliompachika jina hilo walikuwa wamechoka kusikia ushauri wake, maana kwa kila tatizo yeye husema, "Kata nusu kwanza." Akauliza programu inapiga hesabu kila baada ya muda gani. Mtafiti akajibu, kila milisekunde moja, sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Nusu akavuta kiti. Akaeleza kwamba umeme wa seli hupanda na kushuka upesi kuliko hapo, na kuuhesabu kwa hatua kubwa hivyo za muda ni kama kumtazama mcheza ngoma huku unafumba na kufumbua macho: usichokiona unakibuni.

Mtafiti akasema muda hautoshi, kuurudia mtandao mzima kwa hatua ndogo kungechukua hadi jioni, na wageni ni kesho.

"Basi jaribu seli moja, dada," Nusu akamwambia. "Elfu kumi zinaficha makosa. Moja haina pa kujificha."

Alijaribu ili amnyamazishe tu. Umeme wa ile seli ukaruka hadi kiwango ambacho hakuna seli hai inayoweza kukifikia. Akatoka, akanawa uso, akarudi, akatoka tena. Halafu akakata hatua nusu, akakata tena, mpaka seli ikatulia. Akaanzisha mtandao mzima kwa namba zile zile za bahati nasibu alizotumia Jumanne kuanzishia seli, ili kisibadilike kitu kingine ila hatua.

Mchana hakula. Alipima korido kwa miguu, akirudi kila mara kuchungulia skrini kama mama aliyebandika maziwa jikoni. Saa kumi jibu likatoka: seli zilifyatuka ovyo ovyo, moja huku, nyingine kule. Kifafa hakikuwepo.

Akaenda kwa Daktari, akamweleza. Daktari akauliza wageni wataona nini.

"Hakuna cha kuwaonyesha, Daktari. Nilikosea."

Daktari akaahirisha ule mkutano wa Ijumaa. Hakumgombeza, lakini hakumwangalia usoni pia.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo mgonjwa alikuwa kompyuta," akasema, akacheka. Kicheko kikakatika. "Mama nitamwambia mimi. Wewe ukienda mtalia wote wawili."

Kisha akauliza swali ambalo dada yake hakulitegemea: hizo seli, kabla ya kufyatuka pamoja, zilianzia wapi? Mtafiti akasema popote, zote kwa mpigo.

"Mimi kifafa hakinianzii popote tu. Kinaanza kwenye kidole gumba cha kushoto. Kidole kinacheza chenyewe, ndipo mdomo unakuwa na ladha ya chuma, ndipo naanguka."

Mtafiti akamkodolea macho. Miaka yote hiyo alikuwa amemwinua chini, amempanguza, amemfunika. Hakuwahi kumuuliza kinaanzia wapi. Akavuta kigoda, akaomba kalamu. Mdogo wake akampa chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi ya ruwaza, ile ya kupimia nguo kabla ya kukata.

"Rudia taratibu," akamwambia. "Kidole, halafu?"

"Halafu mkono mzima."

Akaandika.