Matanga ya Rashidi

Mwamvita alimwambia ofisa uongo mmoja tu, tena kwa haraka: "Mume wangu amefariki. Tumemzika Urambo juzi."

Vita vilikuwa vimevuka mpaka, na amri imetoka: wanaume wote waliozaliwa nchi ya adui wapelekwe kambini, wake na watoto wao wabaki. Rashidi aliingia Tabora akiwa mgongoni mwa mama yake, lakini amri haijali hayo. Ofisa akampa Mwamvita pole, akaondoka.

Kumbe jirani alikuwa amesikia. Na mtaa wao wa Ng'ambo, ukipiga chafya nyumba hii, ya tatu wanakuombea dua! Kabla ya adhuhuri ua ulijaa majamvi, masufuria na vilio vya watu waliompenda Rashidi kwelikweli. Mwenyewe yumo chumbani, chini ya kitanda, anasikia sifa zake. Mwamvita alilia kuliko wote. Woga ulimliza.

Watani wa ukoo nao wakafika, maana msiba bila watani haunogi. Mkubwa wao, Omari, akaingia chumbani kuchukua nguo za marehemu amwigize, kama ilivyo desturi. Akakawia.

Mara gari la ofisa likasimama tena nje. "Pekueni nyumba," akawaambia askari wake.

Mlango wa chumba ukafunguka. Wakatoka watani wawili, nyuso zimepakwa majivu: Omari, na nyuma yake mwingine aliyevaa shati la Rashidi, akitembea kama Rashidi. Mwendo ule Mwamvita angeujua hata akiwa amefumba macho.

"Ndiye! Ndiye kabisa!" waombolezaji wakacheka. Hata ofisa alicheka. Mtu yule akalikaribia lango.

"Baba!"

Zena, binti yao wa miaka mitatu, akamkimbilia na kumng'ang'ania mguu. Kicheko kikakatika. Ofisa akageuka.

"Mwanangu!" Omari akaruka.

"Muongo! Wa kwangu huyo!" mtani mwingine akadakia. "Na mama yake namrithi leo hii!"

Watani wote wakamgombea mtoto, ua ukalipuka kwa vicheko. Askari wakatoka ndani mikono mitupu; ofisa akatikisa kichwa, akapanda gari.

Lakini angeweza kurudi wakati wowote. Wageni walipotawanyika, Mwamvita akampakata Zena mbele ya Rashidi.

"Huyu nani?"

"Baba."

"Siyo. Ni mjomba. Huyu nani?"

Zena akamtazama baba yake, akingoja akatae. Rashidi akainamisha uso.

"Mjomba," mtoto akasema.

Mwamvita, aliyelia kutwa nzima kwa woga, sasa akalia kwa msiba.