Ufa wa Sentimita Kumi na Moja

Saa tatu na dakika tano asubuhi, siku ya Idi, mstari mweusi ulijitokeza kwenye chaki. Urefu wake ulikuwa sentimita kumi na moja, nao ulizunguka zaidi ya nusu ya kiungo cha chini, kwenye mkono wa kushoto wa Tai, bembea kuukuu yenye behewa la watu ishirini na wanne.

Fundi Wahabi alikuwa amekipaka kiungo mafuta ya taa, akakifuta kikakauka, kisha akakisugua kwa chaki. Chuma kizima hubaki cheupe. Penye ufa, mafuta yaliyoingia ndani hurudi nje. Kiungo hicho alikichomelea yeye mwenyewe kwenye karakana huko Katwe, mwezi Machi.

Nje ya uzio wa bustani ya michezo walisimama watoto wapatao mia mbili pamoja na wazazi wao, wengi wamevaa nguo mpya. Lango lilikuwa lifunguliwe saa nne.

"Mtoto hapandi hapa leo," Wahabi alimwambia meneja, Adoch.

Adoch alifungua faili. "Sahihi hii ni ya nani, mzee?"

"Yangu."

"Uliandika kiungo ni kizima."

"Niliandika. Nilikosea."

"Basi huenda na leo umekosea. Tai itafanya kazi."

Wahabi alichukua nyundo ya kilo nne. "Kama ni kizima, hii haitakifanya kitu. Kikivunjika, kivunjike bila mtoto ndani."

Alikipiga mara moja. Adoch akamwita mlinzi, Okwir, aliyewahi kuwa mwanajeshi.

"Mzee, weka nyundo chini," Okwir alisema. "Mimi hapana taka kupiga wewe siku ya Idi."

"Basi ngoja kesho."

Wahabi alipoinua nyundo tena, rungu lilitua kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Mfupa ulisikika ukivunjika. Akaiokota nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la pili lilimpata mbavuni, la tatu mdomoni. Meno mawili yalianguka kwenye jukwaa la bembea, naye akaanguka kando yake.

Wazazi kwenye uzio walianza kupiga kelele. Simu nne au tano zilikuwa zimeinuliwa. Adoch aliziona.

"Okwir, kipige wewe hicho chuma. Watu waone ni kizima."

"Mimi, madamu?"

"Mzee umemweza. Chuma kinakushinda?"

Okwir aliiokota nyundo, akaingia chini ya behewa, mahali penye nafasi ya kuzungusha mikono.

"Afande," Wahabi alisema kutoka sakafuni, damu ikimtoka kidevuni. "Simama upande huu. Usikae chini yake."

"Sasa unafundisha mimi?"

Pigo la kwanza lilidondosha chaki. La pili lilitoa sauti butu, kama limepiga gogo. La tatu lilikata kiungo. Upande wa kushoto wa behewa lenye uzito wa tani mbili ulishuka na kuubana mguu wa kulia wa Okwir chini ya goti. Alipiga ukelele mmoja. Adoch alikimbilia ofisini na kufunga mlango.

Wahabi alitambaa hadi kwenye sanduku la vifaa na kurudi akiburuta jeki ya lori. Aliiweka chini ya ukingo wa behewa, akaanza kusukuma mpini kwa mkono wa kushoto.

"Usiangalie mguu. Niangalie mimi."

"Mzee, mkono yako..."

"Huu mwingine mzima. Nyamaza, nahesabu."

Baba mmoja aliruka uzio na kumshika Okwir kwapani. Mpini ulishuka mara arobaini na moja. Saa nne kasoro dakika sita, lango likiwa bado limefungwa, behewa lilikuwa limeinuka sentimita tisa. Yule baba alivuta. Okwir alitoka, na mguu ukatoka pamoja naye.