Aya Aliyoitarizi Mama Mable

Mama Mable alitumia miezi miwili kutarizi kitambaa cha meza ya kanisa, na aya aliyoichagua ndiyo iliyomkosesha Kasiva raha. Herufi zilikuwa nyekundu, maua ya kijani pembeni, na maneno ni yale ya Labani kwa Yakobo, kwamba Bwana awaangalie wote wawili watakapokuwa hawaonani. Kitambaa kilikuwa cha ibada ya Jumapili, ya kumpatanisha Mzee Munyao, babake Kasiva, na kakake Mzee Maundu. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na mmoja, na mashamba yao yanapakana hapo chini ya mlima Kasigau.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mkonge. Ndovu walishuka msimu mmoja wakang'oa mikonge yote ya mpakani. Munyao akaipanda upya peke yake, na Maundu aliporudi kutoka Mtito Andei akapima kwa miguu, akasema mpaka umeingia kwake hatua tatu. Munyao akajibu kwamba kaka yake hajui kuhesabu. Basi kwa hatua tatu za udongo ambao hata mbuzi hangeushukuru, wazee wazima wakawa wanapishana mlangoni mwa kanisa kama watu wasiojuana. Mwaka huu jambo likawa zito. Kikundi kinachotundika mizinga ya nyuki kwenye waya, ili ndovu waogope kuvuka, kilisema waya utapita mashamba yote mawili au hautapita kabisa. Ndengu zilikuwa zimeshatoa maua.

Kasiva alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha Biblia kule Voi, na wazee wa kanisa wakampa mahubiri ya siku hiyo. Alifurahi mpaka alipokiona kitambaa. Mwalimu wake wa ufasiri alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi wanafunzi wakawa wanamwiga kwenye foleni ya chakula: soma juu ya aya, soma chini yake, uliza nani anamwambia nani na kwa nini, ndipo ufungue mdomo. Kasiva alisoma juu, akasoma chini, akaishiwa nguvu. Labani na mkwewe Yakobo walikuwa wamechezeana shere kwa miaka ishirini, na kila mmoja alimwogopa mwenzake akigeuka tu. Walimwita Mungu awachunge kwa sababu wao wenyewe hawakuaminika. Ni maneno ya watu wanaoshukiana, na bado watu huyaandika kwenye kadi za harusi.

Jumamosi asubuhi alimwendea Mama Mable, akamweleza taratibu.

"Kwa hivyo nimeshona matusi?" Mama Mable akauliza.

"Si matusi, Mama. Ni vile hao wawili hawakuwa wanapendana."

"Mwanangu, hawa wazee wamekubali kukaa mbele pamoja kwa sababu ya hiyo aya. Babako aliisoma akanyamaza, na unajua babako hanyamazi. Ukileta mambo ya chuo kesho, kila mtu ataenda kwake, na ndovu watamaliza shamba. Hubiri upendo, ukae chini."

Mama huyu hakuwa mjinga, na Kasiva aliondoka pale akiwa na hofu maradufu. Ugomvi ulipoanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumapili alikuwa akila kwa baba mkubwa Maundu, kisha siku moja akaambiwa asikanyage huko tena. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kuwasikia hawa wawili wakiongea. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema Mungu amesema kitu, huku anajua hakukisema, hilo lilimshinda.

Jumapili akasoma sura nzima. Watu walicheka waliposikia Labani akipekua mahema kutafuta miungu yake iliyoibwa, nayo imekaliwa na binti yake mwenyewe. Alipofika kwenye rundo la mawe, kicheko kikaisha.

"Labani aliwabusu wajukuu na binti zake," Kasiva akasema. "Sijaona mahali alimbusu Yakobo. Walikusanya mawe, wakala pale pale penye rundo, wakaapa hakuna atakayelivuka kwa nia mbaya. Hawakuwa wanaaminiana. Na Mungu hakungoja waaminiane ndipo asimame katikati yao."

Mama Mable alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mzee Maundu akainuka, akashika mgongo wa benchi.

"Nilijua leo mtaniambia nimkumbatie huyu mtu," akasema. "Siwezi. Nimeomba miaka yote hii, na sijaweza. Lakini mawe, naweza."

Macho yote yakamgeukia Munyao.

"Mawe yako mengi kule kwangu," Munyao akasema.

Baada ya ibada kanisa zima likawafuata wazee hao hadi mpakani, akina mama wamebeba sufuria za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Munyao aliokota jiwe kubwa shambani mwake, akalibeba kuelekea mikonge, na kila mtu akajua atalitua hapo. Hakufika. Alisimama upande wake, hatua tatu kabla ya mikonge, akaliweka chini. Hakumtazama mtu. Maundu alipima pale kwa macho, mara moja, akaenda kutafuta jiwe lake.

Rundo lilipofika magotini wakapakuliwa chakula, kila mmoja upande wake. Mwenyekiti wa kikundi cha nyuki tayari alikuwa akionyesha waya utakapopita, ila Kasiva hakumsikia. Alikuwa akimtazama babake, aliyekula akiwa juani, na baba mkubwa, aliyekaa chini ya mgunga.

"Munyao," Maundu akaita. Kasiva hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwake tangu utotoni, na machozi yakamtoka, asijali nani anamwona. "Njoo huku. Jua linakumaliza."

"Huko ni kwako."

"Najua ni kwangu. Njoo."

Munyao akasimama na sahani yake, akalivuka rundo polepole, akaketi kivulini kando ya kaka yake.