Salamu Mbele ya Kamati

"Mama Mogaka, ukipiga ile simu ya dharura, unamwitia mwanao daktari au unamwitia bunduki?"

Dulcie alimuuliza Nyanchama hivyo siku polisi walipomteremsha mwanawe, Mogaka, ngazini uso chini, mkono umevunjika. Dulcie ni Mgoa mzaliwa wa Nairobi, jirani wa mlango wa pili, na Kiswahili chake hakijui kuzunguka. Simu aliipiga Nyanchama mwenyewe. Mogaka alikuwa amejifungia bafuni akisema kuta zinamteta, naye, mjane asiye na wa kumsaidia, akaomba daktari. Wakaja wenye bunduki.

Tangu hapo, Mogaka akisikia king'ora, hata cha zimamoto, hutoka akalala kusikojulikana. Na baridi ya huku Kanada haichagui mtoto wa nani. Nyanchama alikuwa akikesha kwa magoti, akimwomba Mungu asije akabishiwa hodi na mtu wa kumpa habari ya msiba.

Ndipo mji wao, mji mdogo unaopakana na Toronto, ukapiga kura: simu za wagonjwa wa akili ziende kwa wauguzi, polisi wasisogee mpaka muuguzi awaite. Kanisani watu walishukuru. Kumbe mji ni kama kijana anayeishi kwa baba yake. Sheria iliyouunda haiwezi kuguswa, wala kipengele cha polisi wake, mpaka Bunge la mkoa liridhie. Kamati ya Bunge ingesikiliza watu huko Toronto, Nyanchama akiwa mmoja wao, kisha ipige kura siku hiyohiyo.

"Utawaambia walivyonifanya?" Mogaka aliuliza. "Yote?"

"Yote, baba."

"Ukiwaambia, nitarudi kulala nyumbani. Nitakuja nisikie kwa masikio yangu."

Sabato iliyotangulia kikao, akina mama wa Dorkas, kikundi cha huduma cha kanisa lao, walimfanyisha mazoezi sebuleni kwake.

"Huwezi kuingia boma la watu ukaanza kulia mlangoni," alisema Chepngetich, kiongozi wao. "Salamu kwanza. Wajue umetoka kwa watu."

Dulcie, aliyekuja kurudisha sufuria, alicheka. "Salamu za nini? Hao ni shemeji zako? Sema mkono wa mtoto ulivunjwa, keti."

"Wewe umekaa na wazungu mpaka umepoa kama chai yao," Chepngetich alimjibu.

Wakacheka wote, na Dulcie pia. Lakini Nyanchama alishika la akina mama. Hakuna siku aliyosimama kanisani kutoa ushuhuda bila kusalimu, na hakuna siku watu waliacha kumsikiliza.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia zito na watu wasiotazamana. Mkalimani, Mtanzania aitwaye Elinaza, alimwamkia, akamnong'oneza: "Mama, muda ni mfupi, na tafsiri yangu inakula humohumo. Kengele ikilia, basi." Mogaka aliketi kiti cha nyuma, kofia ya jaketi imemfunika paji.

Nyanchama alisimama. Aliwasalimu kwa jina la Bwana. Aliwaletea salamu za mchungaji, za wazee wa kanisa, za akina mama wa Dorkas. Aliishukuru serikali iliyompokea, akamtaja marehemu mumewe ili wamjue ni mke wa nani, akawaombea hekima ya kuamua. Elinaza alitafsiri kila neno, jasho likimtoka. "Ingia kwenye shida, mama," alinong'ona. Nyanchama aliona ni kijana asiye na subira. Mwenyekiti alikuwa akimtazama kwa tabasamu, naye akalichukua tabasamu lile kuwa mlango umefunguliwa.

"Sasa," alisema, "mimi nina mtoto mmoja."

Kengele ikalia.

"Asante sana, mama," mwenyekiti alisema, na Elinaza akatafsiri. "Kuna mjumbe mwenye swali?"

Hapakuwa na mwenye swali.

"Mwambie hizo zilikuwa salamu," Nyanchama alimwambia Elinaza. "Mwambie ndiyo kwanza naanza."

Elinaza alimwambia. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa upole, akamwita msemaji wa chama cha polisi. Yule hakusalimia hata kwa kidole. Alianza na askari aliyechomwa kisu na mgonjwa, akaonyesha picha ya kovu, akaketi kengele haijalia.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Mabadiliko mengine ya sheria ya mji yalikubaliwa: ya maji, ya taka, ya mipaka ya kata. Badiliko la polisi liliondolewa, simu za wagonjwa zikabaki kwa polisi.

Nyanchama alienda nyuma akishikilia migongo ya viti. "Baba, nitawaandikia. Nitarudi. Mungu hajalala."

Mogaka alikuwa akiusugua mkono pale ulipounganishwa vibaya. Aliinua macho.

"Uliwasalimia vizuri, mama," alisema.

Akasimama, akampisha kwa adabu kama alivyomfundisha, akafungua mlango na kutoka peke yake.