Sahihi Kwanza, Mzigo Baadaye

Seli ya korti ilikuwa na watu kumi na tisa na ndoo moja. Khisa alisimama karibu na ndoo, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki nafasi. Tangu Januari alikuwa rimandi kwa sababu ya magunia kumi na mawili ya unga yaliyokutwa chumbani kwake mtaani Free Area, akidaiwa kuyaiba, na sasa mwaka wa 2008 ulikuwa ukingoni.

Unga ulikuwa wa mzee Ratilal, tajiri wake. Vurugu za uchaguzi zilipofika mtaa wa maduka, mzee alimwambia auhamishe kabla stoo haijachomwa, kisha akapanda ndege kwenda kwa binti yake Uingereza. Shahidi pekee akawa ng'ambo. Kesi ikaahirishwa mara tisa.

"Boss, hii kitu ni rahisi," alisema Inspekta Naftaly, mwendesha mashtaka, akiwa nje ya nondo. "Kuna sheria mpya. Unakubali kosa, tunaandikiana, mimi naambia hakimu akuhurumie. Krismasi uko home."

"Na nikikataa?"

"Date ingine ni Aprili."

Karatasi zilikuwa nne, za Kiingereza. Khisa alitafuta mstari wa chini tu. Kwa miaka kumi na mmoja pale stoo hivyo ndivyo walivyofanya kazi: lori likifika, mpakuzi anatia sahihi kwamba mzigo umetimia, ndipo turubai linafunguliwa, ili dereva asicheleweshwe. Gunia likipungua, mzee Ratilal alipiga simu na mambo yakaisha. Akatia sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

"Hakimu akiuliza, sema ndiyo," Naftaly alimwambia.

Hakimu aliuliza kweli, haraka, bila kuinua macho.

"Unaelewa hutaweza kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani?"

"Ndiyo."

"Miaka mitatu."

Khisa alimtazama Naftaly. Naftaly alikuwa ameshafungua faili la mtu mwingine.

Siku mbili kabla ya Krismasi, mkewe Naliaka alifika gerezani. Walizungumza kupitia wavu, na hasira ilimfanya Naliaka apaze sauti hata watu wakageuka.

"Mzee Ratilal amerudi. Ameenda mwenyewe kwa ofisi ya hao waendesha mashtaka. Amewaambia, 'Unga yangu, mimi natuma yeye, yeye hapana iba.' Wakamwonyesha karatasi yako. Wanasema ulikubali kosa, na ukakubali hutapinga. Baba Celestine, si ulisoma?"

Khisa alishika wavu. Aliona aibu zaidi kuliko siku aliyofungwa pingu mbele ya watoto.

"Nilidhani mzee akirudi atapiga simu," alisema.

Askari jela alikuja na kitabu kikubwa. Naliaka alikuwa ameleta sweta na sabuni, na vyote vilikuwa bado mezani kwa askari.

"Tia sahihi hapa kwamba umepokea."

"Sijapokea."

"Sahihi kwanza, mzee. Wengine wanangoja."

Khisa alikivuta kitabu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, juu kabisa ya ukurasa, akaanza kusoma, midomo ikicheza. Askari akatazama saa. Khisa alikuwa mstari wa tatu kengele ya kumaliza muda wa wageni ilipolia, na Naliaka akaambiwa achukue sweta yake na sabuni aende.