Risasi ya Kichwa cha Mbao

Nachonga funguo Kariobangi, lakini miaka ishirini nilikuwa fundi wa bunduki jeshini, na mtaa mzima unajua. Mtu akifukua kitu cha shaba, mbio kwangu, kana kwamba mimi sina haja ya kufa kitandani.

Jumanne mchana alikuja Mama Asenath wa Mbotela, ajuza wa miaka themanini na miwili, na risasi ndani ya leso. Babake, Luseno, alipotelea katika vita vya Burma yeye akiwa mtoto mchanga. Mwili haukuonekana, basi nyumbani wakazika mgomba badala yake, kama desturi yetu Waluhya. Sasa alitaka kulijengea kaburi hilo simenti na kuichomeka risasi juu.

“Niambie tu kama ni ya Burma, mwanangu. Sitaki kuweka uongo kwa kaburi ya baba.”

Niliigeuza. Kichwa chake kilikuwa cha mbao, ubavuni ina mifereji iliyopakwa rangi nyekundu, na kitako hakina fataki ya kuilipua. Hii haiui hata panya. Ni ya kuwafundishia makuruti kujaza bunduki. Nikavaa miwani nisome kitako, pale kiwanda kinapochapa mwaka. Ilikuwa 53.

Vita viliisha 1945. Nikaisoma tena, jua likichoma mabati.

“Nani alikupa hii, mama?”

“Mwenzake wa vitani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kulikuwa na mvua, nikamwambia aingie, akakataa kukanyaga ndani. Akanipa hiyo, akaniuliza kama bado nalala nimeshika sikio. Mama alipotoka jikoni kumwona, hata hakumsalimia. Alisema nifunge mlango.”

Najua kwetu aliyekwisha kuzikwa, hata akirudi mzima, haingii tena kwake hivi hivi bila kutakaswa. Nilitaka kumdanganya, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

“Mama, hii ilitengenezwa miaka minane baada ya vita.”

Hakulia. Alikaa akiipapasa ile mbao kwa kidole gumba, na mkono wa pili ukapanda wenyewe, polepole, ukashika sikio. Niliogopa kumgusa.

“Alibisha mara moja tu,” akasema. “Akaita jina langu. Mama akaniambia nishikilie komeo, nami nikashikilia.”