Antena ya Eburu

Mwaka ule wa 1954 Naftaly Mburu alitaka jambo moja tu: mkewe Wachuka na mtoto wao wasipakiwe kwenye lori. Kwa hofu ya Mau Mau, Wakikuyu walikuwa wanazolewa mashamba ya wazungu na kutupwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, akina mama na watoto mgongoni. Lakini tajiri wake, mzungu waliyembandika jina Bwana Waya kwa jinsi alivyopenda redio kuliko watu, alikuwa amemwahidi: mtambo wa mlimani Eburu ukishika sauti ya Naivasha na kuirusha hadi Nakuru, Wachuka atabaki.

Basi Naftaly akaparamia mlingoti, wacha mchezo! Antena zilikuwa mbili. Ile ya fimbo, nyepesi, ilitawanya sauti kila upande. Ile ya mbavu, nzito ajabu, ilirusha upande mmoja tu, kwa nguvu. Bwana Waya alichagua fimbo. Wakapata nini? Mikwaruzo mitupu.

"Basi. Sisi narudi nyumbani," Bwana Waya akasema, akianza kukunja nyaya.

Naftaly akashuka mbio. Arudi kumwambia Wachuka nini? "Bwana, tafadhali, tujaribu ile ya mbavu. Nitaibeba mimi."

Akaibeba, bega likimchubuka, akaifunga juu kabisa, akaigeuza polepole kuelekea Naivasha. Bwana Waya akaita tena redioni, na mara spika ikabweka kule chini: "Naivasha hapa, askari Wamalwa! Nakusikia Bwana vizuri sana!" Loo! Naftaly alicheka peke yake huko juu, machozi yakimtoka. Mke wangu amepona, alijiambia.

Bwana Waya akashika maikrofoni. "Wamalwa, ambia lori kuja shamba yangu leo. Chukua bibi ya Naftaly na toto yake."

"Bwana! Uliniahidi!"

"Shika hapo hapo, wewe!"

Ashike nini? Aliisukuma antena kwa hasira mpaka ikaelekea msituni, na sauti ya Wamalwa ikazimika. Bwana Waya akainua kichwa, akacheka, shenzi yule.

"Geuza tu. Yeye nasikia kwisha."

Naftaly alikumbatia chuma. "Basi niandikishe na mimi, Bwana. Niende naye."

"Wewe?" Bwana Waya alikuwa anapapasa mfukoni kutafuta kiberiti cha kiko chake. "Wewe takaa hapa. Nani tapanda huko juu kama wewe nakwenda?"